Nguru Aliyepungua Mkono

Mwanaisha alinipigia simu Jumatano asubuhi, nikiwa nyuma ya kibanda changu cha samaki hapa Garsen nakoroga uji. Tulikuwa hatujasemezana kwa miaka mingi, lakini sauti niliijua kabla hajajitaja, ile sauti yake ya kukwaruza kama anayefukuza kuku. "Rebeka," alisema, "Mama ametutoka jana alfajiri. Tumeshamzika. Uje matangani." Nikampa pole, nikamwambia nakuja. Halafu akasema, "Ukija, uje na radhi mdomoni. Nimengoja vya kutosha. Utaniomba radhi mbele ya watu, kama ulivyompotezea Mama meza yake mbele ya watu." Simu ikakatika. Uji ukaungua, na wala sikuuondoa jikoni.

Mume wangu, aliyekuwa ameketi pale akisikiliza yasiyomhusu kama kawaida yake, akanitolea busara. "Nenda ukaombe radhi yaishe. Muungwana akivuliwa nguo huchutama." Nikamjibu kwamba mimi sikuvuliwa nguo na mtu. Akacheka, akachukua kofia yake akaenda zake. Lakini siku ile sikufanya kazi kwa akili timamu. Wateja walikuja, nikawafungia samaki kwenye gazeti, mwingine nikamfungia mara mbili, huku moyo uko Kipini, pwani kwao Mwanaisha. Maana ni kweli Bi Zuhura, mama yake Mwanaisha, amekufa hana meza, na ni kweli aliyesababisha ni mimi. Hilo silikatai. Ninalokataa ni kwamba nilikosea. Watu wengi hudhani hayo mawili ni jambo moja, nami nimeishi kati yake tangu nilipokuwa na miaka ishirini na mmoja. Kabla sijaenda kumkabili Mwanaisha nilitaka niupitie mwaka ule wenyewe, toka mwanzo, nione kama kuna mahali pa kusema samahani.

Nilifika Kipini nikitoka Ngao, kwetu Wapokomo kando ya mto, na mfuko wenye leso mbili, Biblia na kisu. Ya nyumbani nayaacha, kila mtu ana ya kwao. Kisu nilikijua. Mtoni nilipasua kambare na kamongo tangu sijafika kimo cha meza, nikawabanika moshini, nikawa najiona fundi. Bi Zuhura alinichukua kwa sababu alitaka mikono ya kumsaidia, si kwa sababu nyingine, na aliniambia hivyo hivyo siku ya kwanza. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili, na buibui lake alilifunga kiunoni asubuhi likashuka magharibi. Alinipa nusu ya kitanda cha kamba alicholalia binti yake Mwanaisha, rika langu, kwenye chumba chenye dirisha dogo lililotazama jikoni. Kila kitu humo kilikuwa na chumvi: kuta, mto wa kulalia, hata maji ya mtungini. Asubuhi tulikula mahamri na mbaazi, Ijumaa wali wa nazi, na siku nyingine mkate uliolala na chai ya rangi. Nilikumbuka ugali wa kwetu na mchuzi mwepesi wa kambare hadi machozi yakanitoka, na Mwanaisha akanikuta. "Nyinyi watu wa mto mnanuka moshi," akaniambia, "sasa utalia utoke moshi wote?" Nikamjibu, "Na nyinyi mnanuka pipa la chumvi." Tukacheka mpaka mama yake akagonga ukuta. Nilimpenda Mwanaisha toka siku ile, na hili ndilo linalofanya mambo kuwa magumu.

Banda la kupasulia samaki lilikuwa juu kidogo ya pale mashua zinapoegeshwa, na lilikuwa na meza sita za saruji. Banda lilijengwa na Bwana Shee, mwenye mashua na nyavu, na kila meza ilikuwa na mwanamke wake. Nieleze meza ni nini, maana mtu wa bara atadhani nazungumzia ubao tu. Mwenye meza ana pipa lake la chumvi na chanja yake ya kuanikia. Ng'onda zake, yaani wale samaki waliopasuliwa, wakatiwa chumvi na kuanikwa jua, zinajulikana na wanunuzi wa Mombasa kwa jina lake. "Hii ya Zuhura," husema, hata kabla hawajaigusa. Mwenye meza haombi mtu chumvi wala ruhusa. Hicho ndicho nilichokifuata Kipini, na nilikuwa tayari kulala kwenye kamba mwaka mzima ili nikipate.

Siku yangu ya kwanza nikaharibu. Bi Zuhura aliitwa nyumbani, akaniachia nguru kumi na wawili. Nguru nilikuwa simjui ila kwa kumsikia. Nikamtazama: samaki mrefu, mgongo wa buluu ya chuma, ubavuni mistari kama aliyechapwa fimbo, na mdomo wenye meno ya kukata hata waya. Huyu si samaki wa kula tope. Huyu ni mwindaji. Wavuvi walinisimulia jinsi anavyoingia kwenye kundi la dagaa, dagaa wakaruka juu ya maji kama mtu aliyerusha mchanga. Basi nikamheshimu, nikamlaza chali, nikamchana tumboni toka koo hadi mkunduni, kama tunavyomchana kambare. Nikafanya hivyo kwa wote kumi na wawili, na nikajisifu kwa wepesi wangu. Bi Zuhura aliporudi alishika kichwa. "Salaale! Mwana hunu ameniua!" Kipini, nguru wa ng'onda hupasuliwa mgongoni. Ngozi ya tumbo hubaki nzima, ndiyo inayoshika pande mbili zisitengane juani, na matumbo huvutwa kwa vidole viwili kupitia mgongo yakatupwa kwenye karai bila hata kutazamwa. Wangu walikuwa wamefunguka kama kitabu kilichokatika uti, na hakuna mnunuzi angewagusa. Wenye meza wengine walicheka wakashikana mabega. "Wa mto amedhani nguru ni kambare!" Nilitamani ardhi inimeze.

Tulikula wale nguru siku nne. Wa kupaka, wa mchuzi, wa kukaanga, hadi paka wa Bi Zuhura akawa anageuza uso. Lakini kwenye chakula cha kwanza kile nikauliza swali, na ninaweza kusema swali hilo ndilo lililonipotezea ujana wangu wa raha. Kwetu, anayepasua samaki ndiye mwenye haki ya mayai. Ukikuta mayai unayaweka kando kwenye jani, unayakaanga na kitunguu, na hakuna mtu anayekuuliza, hata baba mwenye nyumba. Nilikuwa nimepasua kumi na wawili nikingoja haki yangu. "Mayai yako wapi?" nikauliza. Mwanaisha akacheka. "Mayai? Kwani tumechinja kuku?" Lakini Bi Zuhura aliacha tonge hewani. Akaniuliza, "Hukuona hata kwa mmoja?" Nikasema sikuona, walikuwa na nyuzi nyembamba tu mle ndani, kama za mtoto. Akala tonge lake polepole. Halafu akasema, akimtazama Mwanaisha si mimi, kwamba mama yake yeye alikuwa akiyakaanga mayai ya nguru kwa samli, sufuria nzima, na kwamba yeye mwenyewe hakumbuki mara ya mwisho kuyaona. "Na mimi hupasua kila siku," alisema. "Kila siku ya Mungu."

Kosa langu lilikuwa kosa la mtu wa mtoni, na bila kosa hilo tusingejua. Huwezi kuona kilicho tumboni ukiingilia mgongoni. Watu wa Kipini walikuwa mafundi mno kiasi cha kutotazama, nami nilikuwa mshamba kiasi cha kutazama. Toka wiki ile Bi Zuhura alinifundisha kupasua mgongoni sawasawa, mpaka nikawa na mkono mwepesi kumshinda Mwanaisha, ila tukafanya jambo moja ambalo meza nyingine hazikulifanya: matumbo tuliyatandaza karaini, tukayatazama. Wiki kwa wiki ilikuwa ni zile nyuzi. Mpaka mashua moja ya mzee aliyekuwa akirambaza mbali, akiburuta kamba moja na ndoana moja nyuma ya mashua, ilipoleta nguru wawili wakubwa, na ndani yao nikakuta mayai, manjano, mazito, pande mbili kama viatu vya mtoto. Nilipiga kigelegele pale pale bandani. Nikalaza mkono wangu kando ya yule samaki, kwa furaha tu, na nikaona amepita ncha za vidole. Wa pili naye akapita. Ikawa mchezo wangu. Kila nguru mwenye mayai nilimpima kwa mkono, toka begani. "Unamkatia kanzu?" Mwanaisha aliniuliza. Lakini mchezo ulipofikisha miezi saba ukaacha kuwa mchezo. Kwenye meza yetu sikuwahi kuona yai ndani ya nguru aliyepungua mkono wangu. Hata mmoja. Na nguru tuliokuwa tunaletewa, tisa katika kila kumi, walikuwa hawafiki kiwiko na shubiri.

Wakati huo Bwana Shee alikuwa ameleta nyavu mpya za macho madogo, akazitega pale pale mlangoni, mto unapomwaga baharini. Nilikwenda kutazama siku moja na Mwanaisha. Maji pale si ya buluu, ni ya udongo mwekundu, na ndani ya udongo ule dagaa wanajaa na nguru wachanga wanakuja kula na kujificha wasiliwe na wakubwa zao. Nikamwambia Mwanaisha, "Tope hili nalijua. Hili limepita Garsen, limepita Golbanti, limepita shambani kwetu." Akaniambia nisijifanye nina hati ya bahari. Nilicheka, lakini ndani sikucheka. Niliona kama mtu aliyekuta watoto wa jirani wamelala uani kwake, na anakuja mtu na gunia kuwazoa.

Sijifanyi kwamba nilikuwa shujaa. Nilipasua wadogo wale kwa miezi, nikatia chumvi, nikala mkate wao. Nilichotaka ni meza, na meza ilikuwa inakuja. Alasiri moja nilikuwa chumbani nakunja leso, nikamsikia Bwana Shee jikoni akinywa kahawa na Bi Zuhura. Ukuta wetu haukuficha kitu. "Yule Mpokomo wako ana mkono," alisema. "Ile meza ya mwisho iko wazi toka mwenyewe ahamie Malindi. Nitampa. Mapipa yatajaa mwezi huu, nataka watu wepesi." Bi Zuhura akamjibu, "Mpe, lakini mjue mtu unayempa. Huyu ana macho." Shee akacheka, "Macho yake yana nini?" Bi Zuhura akasema, "Hayafumbi." Mimi nilisikia neno moja tu, meza. Niliruka ruka mle chumbani kimya kimya kama mwehu. Mwanaisha alipoingia nilimkumbatia, akafurahi kwa ajili yangu, akanipa kanga yake mpya niivae siku ya kuanza. Leo nikikumbuka kanga ile roho inaniuma kuliko yote.

Nilianza Jumatatu. Pipa langu lilikuwa limejaa chumvi safi, chanja yangu imefungwa kamba mpya. Saa nne vijana wa Shee wakaja na makreti ya nguru, wakamwaga juu ya meza zote sita. Sijawahi kuona wengi kama wale, na sijawahi kuona wadogo kama wale. Walikuwa watoto. Baadhi hawakuzidi kiganja na vidole. Nilisimama na kisu mkononi, na hapo ndipo nilipojua mtu akiwa na meza yake mambo hubadilika. Nikiwa msaidizi, nilipasua kwa mkono wa Bi Zuhura. Sasa ng'onda ingeitwa kwa jina langu. "Hii ya Rebeka." Nikaanza kuwapima mmoja mmoja. Watatu walipita. Wengine wote nikawasukuma upande wa pili wa meza. Kijana aliyeleta akauliza kama wameoza. "Hawajaoza," nikasema. "Hawajazaa. Sipasui."

Bwana Shee aliitwa. Alikuja bila haraka, mtu mstaarabu, msafi, mkono mmoja ameshika tasbihi, na sitamsingizia ubaya asiokuwa nao. "Kuna nini, mwanangu?" Nikamwambia kwamba nguru asiyefika mkono hajawahi kuzaa hata mara moja, na tukimaliza hawa hakutakuwa na wa kuwazaa wengine. Nikamwambia nimetazama miezi saba. Wavuvi waliokuwa pale wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Bahari haina mlango, we wa mto! Waliojaa huko ndani utawapima kwa mikono mingapi?" Shee hakucheka. Alisema kwa upole, mbele ya watu wote, "Kilichoingia wavuni ni riziki aliyoileta Mungu. Kumpimia Mungu riziki yake ni kufuru. Wewe una dini yako, lakini hilo nadhani hata kwenu ni kufuru." Neno lile lilinichoma. Nilikuwa mgeni, Mkristo, mtu wa mto, nimevaa kanga ya kuazima, na nimeambiwa nakufuru. Nilikuwa karibu kabisa kuokota mmoja wa wale samaki nimpasue.

Ndipo Bi Zuhura alipozungumza toka meza yake, hakuinua hata sauti. "Riziki ni ya Mungu, Shee. Kisu ni changu." Akakifuta kwa kitambaa, akakifunga, akakitia kifuani. Mwanamke wa meza ya pili akaacha pia, kisha wa tatu. Wawili waliendelea, na sikuwalaumu, mmoja alikuwa na watoto wadogo nyumbani na mwingine alikuwa na deni la harusi. Lakini watu wawili hawawezi kupasua samaki wa watu sita. Barafu ya makreti iliyeyuka. Kufikia saa tisa alasiri nzi walikuwa wamekuja kama walioalikwa, na harufu ikapanda hadi msikitini. Samaki wale walizikwa kwenye shimo. Nimeulizwa mara nyingi, na Mwanaisha wa kwanza, kama nilifurahi kuona chakula kinazikwa. Sikufurahi. Nililia. Walikuwa wameshakufa, kuwatupa hakukumrudisha hata mmoja baharini, na yeyote aliye na njaa ana haki ya kunitukana kwa siku ile. Lakini siku ya pili yake nyavu zile hazikutegwa mlangoni, wala siku ya tatu. Siku nne nzima wale wachanga waliogelea kwenye tope letu bila gunia. Si nyingi, siku nne. Ni zangu.

Siku ya tano Shee akatuma mtu. Hakutaka ugomvi na wanawake wa Kipini, alisema, wote wangerudi mezani, ila Mpokomo aje bandani Jumamosi aombe radhi mbele ya watu, aseme alikosea. Akikataa, mimi na Bi Zuhura tusikanyage banda tena. Ilikuwa ni meza yangu ya siku moja, lakini kwa Bi Zuhura ilikuwa meza ya maisha. Mwanaisha alinishika mikono jikoni. "Sema tu," aliniomba. "Ni neno. Huna haja ya kulimaanisha. Sema, halafu uje tule." Nilimwona amekonda kwa siku zile tano. Nikamwambia, "Nitasema." Na niliazimia kusema, Mungu ni shahidi wangu. Usiku nililifanyia mazoezi neno lenyewe chini ya shuka: nilikosea, mniwie radhi.

Jumamosi banda lilijaa. Hata wasiokula nguru walikuja. Nilisimama katikati, Shee akanitazama kwa huruma, akasema, "Haya, mwanangu." Nikafungua mdomo. Bi Zuhura akapita mbele yangu, akanisukuma kwa bega, nikakaribia kuanguka kwenye pipa. "Huyu hana radhi ya kuomba," alisema. "Mwenye ya kuomba ni mimi." Akawatazama watu. "Nimesimama hapa tangu nimeolewa. Nimewapasua hawa kwa maelfu, natia vidole, navuta, natupa, sikutazama. Mwana hunu amekuja hajui hata kumlaza nguru, akaona siku moja nisichokiona miaka yote. Basi mimi ndiye niliyekosea. Nawaomba radhi nyote, na wanangu, na wajukuu watakaokuja kuuliza nguru ni samaki gani. Mniwie radhi kwa wale niliowapasua. Wengine siwapasui." Kisha akamgeukia Shee na kumwambia kwa adabu zote, "Banda lako ni lako, ndugu yangu. Alaa, jua limekuwa kali. Rebeka, twende."

Tulikwenda. Ningependa kuandika kwamba Kipini iligeuka, kwamba wavuvi walichoma nyavu zile. Wapi! Wiki ile ile Shee alileta wapasuaji wengine toka mbali, na nyavu zikarudi mlangoni. Mimi nilikaa miezi miwili zaidi, kisha nikaondoka, kwa sababu kila shilingi niliyokula nyumbani mle niliiona imetoka kwenye ngozi ya mwenyeji wangu. Bi Zuhura akawa anapika vitumbua mlangoni kwake. Na Mwanaisha, kwa kuwa vitumbua havikutosha, akarudi bandani peke yake, kama kibarua asiye na meza, akawapasua wadogo wale kwa miaka na miaka ili mama yake apate dawa na unga. Mimi na mama yake tulipata heshima. Yeye alipata samaki. Nimelifahamu hilo nikiwa mtu mzima, na ndilo jambo pekee katika mwaka ule ambalo bado linaniinamisha kichwa.

Na nguru je? Njoo sokoni Garsen uone. Wakubwa ni wa kutafuta kwa tochi, na mara nyingi waliopo wameshachukuliwa na hoteli kabla hawajafika kwetu. Hivi karibuni alikuja binti wa idara ya samaki, mpole, ana tablet, akatukusanya wauzaji akatufundisha kwamba nguru asivuliwe kabla hajazaa, na akatuonyesha urefu kwenye kioo chake. Nilimtazama nikasema, "Binti yangu, urefu huo ninao begani." Wenzangu wakacheka, naye akacheka, akidhani natania. Kwenye kibanda changu sijawahi kuuza nguru aliyepungua. Wateja hunitukana: "Mama Rebeka, wenzako wanao wa bei rahisi." Nawaambia waende kwa wenzangu. Watu huniambia pia kwamba mwanamke mmoja wa Garsen hawezi kuokoa samaki wa bahari nzima. Najua. Sijasema naokoa. Nimesema sipasui.

Basi nilipitia yote hayo, toka mahamri ya kwanza hadi siku niliyoondoka, nikitafuta mahali pa radhi, na Alhamisi nikaenda Kipini. Nyumba ya Bi Zuhura ilikuwa imejaa wanawake hadi ukumbini, wamekaa juu ya mikeka, wengine na misahafu, wengine na vikombe vya kahawa. Nilivua viatu, nikajitanda leso yangu, nikawasalimia waliokuwa wakubwa wangu. Mwanaisha alikuwa ameegemea ukuta, mnene sasa, kidole kimoja cha mkono wa kushoto kimekakamaa kwa kovu, najua kilikatwa na kisu cha banda lile. Kila mtu alijua kwa nini nimekuja.

"Rebeka," alisema Mwanaisha. "Umekuja nayo?"

"Mwanaisha, pole kwa mama," nikamwambia. "Alikuwa mama yangu pia. Na pole kwa miaka uliyosimama pale peke yako, nikaondoka nikakuachia. Hilo nakuomba radhi mbele ya hawa wote. Sikupaswa kuondoka." Nikaona bega lake linalegea. Ningeweza kuacha hapo. Pangetosha, watu wangesema alhamdulillahi, kahawa ingezunguka. "Lakini kwa meza," nikasema, "sina radhi. Wakirudishwa wale samaki leo, nitawasukuma tena. Mama yako angewasukuma. Siwezi kumzika mara ya pili."

Mzee mmoja wa kike karibu na mlango akasema, "Toba!" Mwanaisha alinitazama, macho mekundu, midomo imebana kama ya mama yake.

"Basi sikusamehe," alisema.

"Usinisamehe," nikamwambia. "Sogea tu, nikae."

Akasogea.